Taarifa Yoyote, Mtu Yeyote, Wakati Wowote: Karatasi ya Usiri Kazini Inakufunga Wapi?

Binti wa kaka yangu alikuja nyumbani Jumapili na karatasi mbili zilizokunjwa mara nne ndani ya daftari lake la vikoba. Anafanya kazi chumba cha kufungashia katika kiwanda kimoja cha minofu ya sangara hapa Mwanza, na huu ni mwaka wake wa tatu. Wiki moja kabla, bomba la mtambo wa ubaridi lilivuja. Waliowahi kufanya kazi viwanda vya samaki wanajua kinachopita humo: amonia, gesi usiyoiona kwa macho lakini ikikuingia puani hutaisahau. Inachoma macho, inabana kifua. Wanawake wanne walitolewa nje wakikohoa, wakapewa maziwa, na zamu ya mchana wakarudi mezani. Siku ya mshahara kila mmoja akakuta karatasi hizo kwa mhasibu. Saini kwanza, ndipo uchukue chako.

Yeye aliomba akazisome nyumbani. Akaambiwa mshahara utamsubiri.

"Shangazi," akaniuliza, "nikisaini hii, nikifika hospitali nitasema niliumia wapi?"

Mimi ni msaidizi wa kisheria, kazi inayotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Sijasomea uwakili. Lakini karatasi za namna hii nimezisoma nyingi, za hoteli, za shule, za maduka ya jumla, na karibu zote zina sentensi moja inayofanana. Ya kwake ilisema: "Mfanyakazi hatatoa taarifa yoyote inayohusu kampuni kwa mtu yeyote, wakati wowote, awapo kazini au baada ya ajira kukoma." Chini yake, faini ya shilingi milioni 10.

Yoyote, yeyote, wowote. Sheria za nchi hii haziyakubali maneno hayo matatu kwa ukubwa wake wote, na mtu akijua kila moja linaishia wapi, karatasi ile inapungua uzito mkononi.

Kwanza tumpe mwajiri haki yake. Siri za biashara zipo, na nyingine ndizo zinazoweka ugali mezani kwa wafanyakazi wenyewe. Chukua mabondo, ule mfuko wa hewa wa sangara ambao zamani ulitupwa pamoja na matumbo na leo kilo yake inaishinda kwa mbali kilo ya minofu. Mfanyabiashara wa mabondo ana orodha ya wanunuzi wake wa China na Hong Kong, ana bei ya kila daraja, anajua mwalo upi wa Ukerewe au Sengerema unaleta makubwa. Karani akiipiga picha orodha hiyo na kumtumia mshindani wa mtaa wa pili, amechukua mali ya mtu, hata kama ameondoka mikono mitupu. Hapo mwajiri halazimiki hata kuonyesha karatasi, kwa sababu mfanyakazi anadaiwa uaminifu tangu siku anayoanza kazi. Na kwa anayeshika taarifa za watu wengine, iwe mafaili ya wagonjwa, akaunti za wateja au namba za simu za wakopaji, ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Hizo si zake kuzitoa, na wala si za bosi wake.

Sasa ni taarifa gani inastahili kuitwa siri? Makubaliano ya haki miliki ya Shirika la Biashara Duniani, ambalo Tanzania ni mwanachama, yanataja sifa 3: haijulikani kwa jumla kwa watu wa shughuli hiyo, ina thamani ya kibiashara kwa sababu haijulikani, na mwenyewe amechukua hatua za kuitunza. Pima kwa kipimo hicho. Bei ya kununulia mabondo inapita. Nywila ya mfumo wa stoo inapita. Kwamba gesi ilivuja na watu wanne wakakohoa? Kiwanda kizima kiliisikia harufu, hakuna mshindani angelipa hata shilingi mia kuijua, na faida pekee ya kuificha ni kumkwepa mkaguzi.

Hapo ndipo "taarifa yoyote" inapoanza kuvunjika. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inasema makubaliano ni batili ikiwa lengo lake limekatazwa na sheria, au likiruhusiwa litaifanya sheria isifanye kazi, au linakwenda kinyume na maslahi ya umma. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka ajali kazini ziripotiwe. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ilianzisha mfuko ambao mwajiri anauchangia ili mtu akiumia kazini atibiwe na afidiwe, na mfuko hauwezi kumfidia aliyekatazwa kusema kwamba ameumia. Karatasi inayomziba mdomo aliyevuta amonia inazifanya sheria hizo mbili zisifanye kazi. Kwa kipande hicho, saini yake haina nguvu. Nasema kwa kipande hicho kwa makusudi, kwa sababu watu wengi wakisikia kifungu kimoja ni batili hudhani karatasi yote imekufa. La. Orodha ya wanunuzi wa minofu bado ni siri, kama ilivyokuwa.

Mshahara nao nauweka hapa, kwa sababu ndio unaoulizwa kuliko kitu kingine chochote. Karatasi nyingi zinamkataza mfanyakazi kumwambia mwenzake analipwa kiasi gani. Lakini mshahara wako ni sharti la mkataba wenye pande mbili, na wewe ni mmoja wa hizo pande. Marekani, sheria ya mahusiano ya kazi ya mwaka 1935 inawalinda wafanyakazi wengi wa sekta binafsi wanaojadiliana mishahara yao. Uingereza, Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inamlinda anayezungumza malipo yake ili kujua kama kuna ubaguzi. Kwetu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na kujadiliana na mwajiri kwa pamoja, inakataza ubaguzi katika ajira, na inamtaka mwajiri ahakikishe malipo sawa kwa kazi ya thamani sawa. Mwanamke atajuaje kwamba mwenzake wa kiume kwenye mashine ileile anamzidi, kama wote wawili wamekatazwa kutaja? Mimi naona kifungu hicho ndicho kibaya kuliko vyote, kwa kuwa kinaonekana cha adabu tu. Tofauti ni karani wa mishahara: yeye amekabidhiwa za wenzake wote, na hizo anatakiwa azitunze. Ya kwake mwenyewe ni ya kwake.

Twende kwa "mtu yeyote". Neno hili likichukuliwa kama lilivyo, linamjumuisha daktari wa zamu, mume, wakili, kiongozi wa chama cha wafanyakazi, afisa kazi, polisi na hakimu. Hakuna mkataba wa watu wawili unaoweza kuwafungia mlango hao wote.

Afisa kazi ana mamlaka ya kisheria ya kuingia mahali pa kazi, kukagua nyaraka na kuuliza watu maswali. Akiuliza, unajibu. Mkaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi wenye ofisi ya kanda hapa Mwanza, vivyo hivyo. Ukiitwa kutoa ushahidi Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA, au mahakamani, husemi "nimesaini". TAKUKURU wanapokea taarifa za rushwa kwa namba ya bure 113, ikiwemo rushwa ya ngono, ambayo ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Msimamizi anayemwambia binti kwamba zamu nzuri zina bei yake ametenda jinai, na kesi ya jinai ni ya Jamhuri. Mfanyakazi na mwajiri hawawezi kuifuta wenyewe ofisini kwa kalamu.

Zaidi ya hapo kuna sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Inamlinda mtu anayetoa taarifa kwa nia njema na kwa maslahi ya umma, akiwa na sababu za msingi za kuamini kwamba uhalifu umetendeka au unaelekea kutendeka, sheria inavunjwa, afya na usalama wa watu uko hatarini, au mazingira yanaharibiwa. Nia njema maana yake unaamini unachosema na una sababu ya kuamini. Anayepeleka uongo akijua ni uongo hana ulinzi huo.

Sisi tunaoishi kando ya ziwa tuna sababu zetu za kuithamini sheria hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Umoja wa Ulaya ulifunga soko lake kwa samaki wa Ziwa Viktoria zaidi ya mara moja, kwa hofu ya vimelea na kipindupindu, kisha kwa hofu ya sumu iliyokuwa ikitumika kuvulia. Viwanda vilisimama, watu wakarudishwa majumbani, na wavuvi ambao hawajawahi kutia sumu majini wakalipia kosa la wengine. Kiwanda kikimwaga maji machafu ziwani usiku, anayejua ni mlinzi na fundi wa zamu. Usiri wao hauwezi kuwa mali ya kampuni, kwa sababu maji yale yanachotwa na mama wa Igombe asubuhi. Baraza la mazingira, NEMC, lipo kwa ajili ya taarifa kama hiyo.

Lakini hapa nawaomba wasomaji wangu wanisikilize kwa makini, maana wengi wanaumia hapa. Sheria ya 2015 inazungumzia kupeleka taarifa kwa mamlaka husika. Kundi la WhatsApp la mtaa si mamlaka. Video ya TikTok yenye nembo ya kampuni na sura za wenzako si mamlaka. Nimemwona kijana mwenye malalamiko ya kweli kabisa akiyamwaga mtandaoni kwa hasira, na kutoka siku ile kilichozungumzwa ni chapisho lake, malalamiko yakasahaulika. Alipoteza kazi, na kwenye kikao cha nidhamu mwajiri ndiye aliyeonekana ameonewa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nayo ina vifungu vyake kuhusu taarifa za uongo, na anayekosea jina au tarehe moja kwenye chapisho anampa mwenzake fimbo. Andika barua. Ipeleke ofisini. Omba nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.

Ukifukuzwa kwa kusema panapostahili je? Sheria ya Ajira ya 2004 inataja moja kwa moja kwamba si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi eti ametoa taarifa ambayo sheria inamruhusu au inamtaka aitoe, au amekataa kufanya jambo ambalo mwajiri hana ruhusa kisheria kumwagiza. Kwa kuachishwa kazi, malalamiko yanapelekwa CMA ndani ya siku 30, kwa fomu namba 1. Migogoro mingine ina siku 60. Siku hizo hukimbia sana. Mtu anaahidiwa "njoo wiki ijayo tutaongea" mara nne, na mlango umefungwa. Na lipo pengo ambalo siwezi kulinyamazia: ulinzi dhidi ya kuachishwa isivyo halali haumhusu aliye chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo. Viwandani kwetu, ambako wengi huingia kama vibarua wa kuitwa getini alfajiri, kuna watu wamefanya kazi miaka na kwenye karatasi bado ni wageni. Hao ndio wanaosainishwa upesi kuliko wote. Kwao nasema tunzeni chochote kinachoonyesha mlianza lini: kitambulisho cha getini, ujumbe wa malipo ya simu, daftari la zamu.

"Wakati wowote" halina mengi. Siri ya kweli ya biashara inaweza kukufuata baada ya kuondoka, kwa muda inaoendelea kuwa siri. Bei ya msimu uliopita inachacha kama samaki. Ufundi ulioupata mikononi, yaani jinsi ya kukata minofu bila kupoteza nyama au kusoma joto la chumba cha barafu, huo unaondoka nao na unakula nao popote.

Milioni 10 zile, sasa. Watu wanaiogopa namba hiyo kuliko maneno yote yaliyoitangulia, na ndiyo sababu imeandikwa kwa herufi nzito. Sheria ya Mikataba inasema mkataba ukitaja kiasi cha kulipwa ukivunjwa, aliyevunjiwa anastahili fidia ya kadiri isiyozidi kiasi hicho. Maana yake ile namba ni dari. Hakimu ataangalia kilichotendeka na kama kweli kuna madhara. Na mwajiri hawezi kuikata milioni hiyo kwenye mshahara kwa kuamua tu mwenyewe. Sheria ya Ajira imeweka masharti ya makato: kuna kusikilizwa kwanza, kuna idhini ya maandishi, kuna kikomo cha robo ya mshahara kwa makato ya kufidia hasara.

Kuna karatasi ya aina nyingine, inayokuja mwishoni. Mmegombana, mmesuluhishwa, unapewa pesa ya kuagana, na ndani yake kuna ahadi ya kunyamaza. Hii ni ngumu zaidi, kwa sababu umepokea kitu. Kukubali kutotaja kiasi ulicholipwa ni jambo la kawaida na halali. Kukubali kwamba aliyekushika mwili bila ridhaa hatatajwa kamwe popote ni jambo jingine. Uingereza, mwaka 1998, msaidizi wa mtayarishaji wa filamu Harvey Weinstein, Zelda Perkins, alisaini karatasi ya namna hiyo baada ya mwenzake kulalamika kwamba alishambuliwa. Hata tabibu wa kumsaidia alitakiwa asaini usiri kwanza. Hakuruhusiwa kukaa na nakala kamili ya kitu alichosaini. Alinyamaza karibu miaka 20, hadi alipoivunja mwaka 2017. Miaka 5 baadaye Marekani ilipitisha sheria inayozinyima nguvu mahakamani karatasi za usiri zilizosainiwa kabla ya mgogoro wa unyanyasaji wa kingono kutokea. Hilo la kunyimwa nakala nalikuta hata hapa kwetu, kwenye karatasi za watu wa mishahara midogo kabisa, na kwangu ni dalili ya kutosha: ukiambiwa saini lakini usiondoke nayo, usisaini.

Jirani zetu wa Kenya wana mfano ulio karibu zaidi. Daniel Motaung, raia wa Afrika Kusini, alifanya kazi Nairobi katika kampuni ya Sama, akikagua picha na video za kutisha kwa niaba ya Facebook. Aliachishwa mwaka 2019 baada ya kujaribu kuwaunganisha wenzake. Mwaka 2022 alizungumza hadharani, ingawa alikuwa amefungwa na makubaliano ya usiri, kisha akafungua kesi. Mahakama za Kenya zimekubali kwamba kampuni mama ya Facebook inaweza kushtakiwa nchini humo. Namtaja ili nisimdanganye mtu: kuwa na haki hakukupi usingizi. Miaka inapita, pesa zinakwisha, kichwa kinauma. Ndiyo maana nahimiza watu waende kwa pamoja, kupitia chama cha wafanyakazi kama TUICO au kwa barua yenye saini za watu kumi, kabla mmoja hajalazimika kusimama peke yake.

Nikarudi kwa binti yetu. Nilimwambia kwanza kwamba mshahara wa mwezi uliokwisha fanyiwa kazi haushikiliwi ili mtu asaini kitu kipya. Ni deni tayari, na ridhaa inayotolewa kwa kushikiwa chakula cha watoto si ridhaa huru. Pili, masharti ya ajira yakibadilika, mwajiri anapaswa kushauriana na mfanyakazi. Yale ya maandishi asiyoyaelewa anapaswa kuelezwa kwa namna anayoielewa. Karatasi yake ilikuwa na ukurasa wa pili wote kwa Kiingereza. Tatu, asibebe nyaraka za kiwanda. Asipige picha mafaili. Aandike tu alichokiona kwa macho yake: tarehe, saa, nani alitolewa nje, nani aliwaambia warudi.

Jumatatu alifungua ukurasa wa kwanza mbele ya afisa utumishi na, juu ya mstari wa saini, akaandika kwa mkono: "Makubaliano haya hayanizuii kutoa taarifa kwa daktari, mwanasheria, chama cha wafanyakazi, CMA wala chombo chochote cha serikali." Afisa alisoma, akatoka nayo, akakaa huko kama nusu saa. Aliporudi hakusema neno. Aligonga muhuri kwenye nakala zote mbili, moja akampa, akamwelekeza kwa mhasibu.

Wanawake wanne wa siku ile ya gesi walikuwa wamekwisha saini zao bila mstari huo. Wawili walikuja kwangu Alhamisi wakidhani wamejifunga. Tukaanza barua ya OSHA saa kumi jioni, kwa kalamu, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika.